Bendera ya Hariri Haipatani na Jik

Bendera katika ibada si jambo geni mpakani mwa Kenya na Uganda. Waumini wa African Israel Church Nineveh, kanisa lililoanzishwa na Daudi Zakayo Kivuli magharibi mwa Kenya mwaka 1942, huandamana barabarani kwa ngoma na bendera, na makanisa ya Roho vivyo hivyo. Vikundi vya sifa vinavyocheza na bendera navyo hutaka kitambaa chepesi kilichochorwa kwa mkono, nacho mara nyingi huuzwa kwa jina la hariri. Busia, hapo mpakani, ni mji wa biashara, na si kila king'aacho sokoni kimetoka kwa nondo. Kingi ni satini ya polyesta.

Kupima ni rahisi. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uuchome. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Polyesta huyeyuka, kisha huganda kama shanga ngumu. Muuzaji akikunyima uzi, amekwisha kukujibu.

Halafu uzito. Hariri hupimwa kwa mome, na mome 1 ni takriban gramu 4.3 kwa kila mita ya mraba. Ya mome 5 huufuata mkono mara moja na hukawia kutua, ndiyo maana wachezaji huipenda. Ya mome 8 hudumu zaidi lakini ni nzito kidogo. Kwa watoto ningechagua hiyo, maana watoto huburuta.

Rangi ndiyo huleta hasara. Ipo inayoingia ndani ya uzi, ikaacha kitambaa kikiwa laini, na ipo inayokaa juu kama ukoko. Ukiikunja ya pili mara kwa mara, hupasuka. Nayo ile inayopenya lazima ikazwe, mara nyingi kwa mvuke, na mchoraji mwenye haraka huiruka hatua hiyo. Sugua pembe moja kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikipata rangi, bendera hiyo itachuja siku ya mvua, iharibu na kanzu nyeupe iliyo karibu.

Sasa kufua. Hariri ni protini, na Jik, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, huila protini. Bendera ikiingia humo hata mara moja imekwisha. Sabuni ya unga ya kawaida nayo ni kali mno. Kung'uta kwanza vumbi la murram, kwani chembe zake hukwaruza nyuzi, kisha tumia maji baridi na shampuu kidogo. Usiikamue, maana hariri ikilowa hupungua nguvu. Iviringe ndani ya taulo, uianike kivulini, uipige pasi ya moto mdogo upande wa nyuma ingali na unyevu.

Ufito upigwe msasa hadi uteleze, kwa sababu kibanzi kimoja hunasa uzi na kuchana pindo. Baada ya ibada iviringe bendera kwenye ufito wake, uifunike kwa kitambaa cha pamba. Mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu na kuleta ukungu.

Hariri ni ya ukumbini. Jua kali la Tororo huifubaza na upepo wa barabarani huichana, ilhali polyesta huvumilia yote mawili kwa bei nafuu. Kikundi chenye fedha za aina moja tu, na maandamano mengi kwa mwaka, kinunue polyesta bila kuona haya.