Ndege Zikifanana Si Lazima Zimeigana

Kila picha ya ndege ya uchukuzi ya kijeshi inapochapishwa gazetini, hakosi mwanafunzi katika darasa langu la fizikia hapa Matiliku atakayeinua mkono na kutamka, kwa uhakika wa hakimu, kwamba Warusi wamewaibia Wamarekani, au Wachina wamewaibia Warusi. Walimu wenzangu nao hawako nyuma. Wakiiona Hercules ya Marekani na Antonov 12 ya Urusi kwenye ukurasa mmoja, husema zimefanana kama shilingi kwa ya pili, na kesi imekwisha. Nathubutu kusema kwamba kesi hiyo haijaanza hata kusikizwa.

Na tujiulize kwanza mhandisi alipewa kazi gani. Ameambiwa aunde ndege itakayobeba malori, mizinga au magunia ya mahindi, itue katika uwanja wa udongo, ishushe mzigo pasipo mitambo ya bandarini, kisha iondoke upesi. Basi sakafu yake sharti iwe chini, ilingane na sakafu ya lori. Maadamu sakafu iko chini, mabawa hayana budi kupita juu ya kiwiliwili, ambako injini na rafadha pia zitaepukana na mawe. Mlango mkubwa utakuwa nyuma, kwa hiyo mkia utainuliwa usizuie njia. Magurudumu yatafichwa ubavuni ili yasile nafasi ya shehena. Fuata masharti hayo moja baada ya jingine na utakuwa umeichora Hercules, hata kama hujapata kuiona maishani.

Sisi wa Ukambani hatupaswi kulishangaa jambo hili. Matuta yanayozuia udongo wa vilima vyetu usichukuliwe na mvua yanafanana na yale ya Wakonso wa kusini mwa Ethiopia, walioanza kujenga yao karne nyingi kabla ya serikali ya kikoloni kuwahimiza babu zetu kuchimba. Mteremko ni ule ule, maji ni yale yale.

Tena kuna Wajerumani. Mwaka 1941, miaka 13 kabla ya Hercules kuruka kwa mara ya kwanza Agosti 1954, wao walirusha ndege iitwayo Arado 232: mabawa juu, mlango nyuma, na safu ya vigurudumu vidogo chini ya tumbo vilivyoifanya ipachikwe jina la jongoo. Ikiwa kufanana ni wizi, basi Wamarekani nao watahitaji wakili.

Antonov 12 iliruka Desemba 1957. Kwa nje ina mabawa ya juu na injini nne za rafadha kama mwenzake. Lakini tuingie ndani. Katika Hercules, sehemu ya nyuma ya sakafu hushuka ikawa daraja, na gari likapanda lenyewe. Katika Antonov, milango ya nyuma hufunguka kwa kuelekea ndani, na gari huhitaji daraja jingine lililoletwa kando. Chumba cha shehena cha Hercules hutiwa hewa ya kutosha kwa abiria walio juu sana angani; cha Antonov sivyo. Nayo Antonov ilitengewa mkiani kiti cha mpiga mizinga, kitu ambacho Hercules haikuwa nacho. Mwizi gani huyu aliyeingia nyumba ya watu akakiacha kitu kizuri kuliko vyote?

Kunakili kwa kweli kupo, na kuna alama zake. Mwaka 1944 ndege tatu za Marekani aina ya B-29, zilizokuwa zikiishambulia Japani, zilitua mashariki ya mbali ya Muungano wa Sovieti. Stalin akaamuru zinakiliwe. Moja ikakongolewa kipande kwa kipande, na mwaka 1947 ikaruka Tupolev 4. Taabu kubwa ilikuwa ya mabati: Wamarekani waliyapima kwa inchi, viwanda vya Sovieti kwa milimita, hivyo kila unene ulihitaji uamuzi wake. Hata hapo, injini zilikuwa za Warusi wenyewe. Yaliyowapata Wamarekani yaliwarudia Warusi. China iliinunua Antonov 12 katika miaka ya 1960, ikagombana na Moscow, na mwaka 1974 ikarusha Y-8, ambayo ni Antonov iliyochorwa upya. Jeshi la anga la jirani zetu Watanzania limewahi kuitumia Y-8. Kwa upande mwingine, Warusi walipounda Lisunov 2, iliyofanana kabisa na Douglas DC-3, walikuwa wameinunua leseni yake. Kwa hiyo kufanana kunaweza kuwa wizi, kunaweza kuwa biashara halali, na kunaweza kuwa zao la masharti ya kazi tu. Picha haiwezi kukuambia ni kupi.

Hapa nyumbani, jeshi letu lilinunua katika miaka ya 1990 ndege ndogo za Kichina aina ya Y-12, ambazo kwa mbali utadhani ni Twin Otter ya Kanada. Tarehe 10 Aprili 2006 mojawapo ilianguka karibu na Marsabit, watu 14 wakafa, wakiwemo wabunge waliokuwa wakienda kupatanisha jamii. Niliwasikia watu wazima, wenye shahada, wakisema: mlitarajia nini kwa ndege ya kuigiza? Ndege hiyo iligonga kilima wakati hali ya hewa ilipokuwa mbaya. Injini za Y-12 hizo ni za Pratt & Whitney ya Kanada, za ukoo ule ule unaoiendesha Twin Otter. Neno "nakala" liliwapumzisha watu wasiulize maswali magumu kuhusu safari yenyewe.

Wala sisemi kwamba siku hizi wizi umekoma. Mwaka 2016 mfanyabiashara wa Kichina, Su Bin, alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba alishiriki njama ya kuiba data za ndege ya C-17, akahukumiwa kifungo cha miezi 46. Ndege ya Kichina ya Y-20, iliyoruka mwaka 2013, inafanana mno na C-17. Lakini kilichomtia Su Bin hatiani hakikuwa umbo la Y-20. Zilikuwa barua pepe zake.

Haya yananihusu kwa sababu ya mitihani. Katika KCSE ya mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa udanganyifu, na sina shaka kwamba udanganyifu ulikuwepo. Lakini nimeona pia shuleni, katika mitihani yetu ya ndani, wanafunzi wawili wakiadhibiwa kwa kuwa majibu yao yalilingana katika swali la mwendo wa jiwe lililotupwa. Jibu sahihi la swali hilo ni moja. Ningeshtuka kama yasingelingana! Waliofundishwa na mwalimu mmoja kwa ubao mmoja wataandika hata hatua zilezile. Kinachonishtua mimi ni kosa la ajabu linalojitokeza katika karatasi mbili: alama ya kutoa iliyopotea mahali pamoja, kizio kisichokuwepo duniani kilichoandikwa na wote wawili. Hiyo ndiyo inchi iliyojikuta katika kiwanda cha milimita. Na hata nikiipata, huwaita wote wawili, nikampa kila mmoja swali jingine la aina hiyo, jiwe likitupwa safari hii kutoka kilele cha Nzaui, nikaketi kando yake akilifanya.