Upangaji wa shughuli za bandari ya makontena

Upangaji wa shughuli za bandari ya makontena ni kazi ya kuamua mapema meli ipi itafunga kwenye gati lipi na saa ngapi, itahudumiwa na kreni ngapi, na makontena yake yatawekwa wapi. Maamuzi hayo hufanywa kabla ya mambo mengi kujulikana kwa hakika. Kwa hiyo mpango mzuri si ule unaodhani kila kitu kitaenda sawa, bali ule usiovurugika sana mambo yakienda kombo.

Historia

Uchukuzi wa kisasa wa makontena huhesabiwa kuanza tarehe 26 Aprili 1956, meli Ideal X ya mfanyabiashara Mmarekani Malcom McLean ilipoondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Kabla ya hapo shehena nyingi zilipakuliwa gunia kwa gunia, na meli iliweza kukaa bandarini siku nyingi.

Ukubwa wa meli hupimwa kwa TEU, yaani nafasi ya kontena moja la futi 20. Kontena la futi 40 ni TEU 2. Siku hizi meli kubwa kabisa hubeba zaidi ya TEU 24,000. Meli ya namna hiyo ikichelewa, maelfu ya makontena hufika nje ya ratiba kwa pamoja.

Vyanzo vya mashaka

* Kuwasili kwa meli: dhoruba au foleni katika bandari iliyotangulia huchelewesha safari.
* Muda wa kazi: kreni huweza kuharibika, na upepo mkali hulazimu kazi isimamishwe.
* Uchukuaji wa mizigo: haijulikani kwa hakika lori lipi litafika kwanza. Kontena linalotakiwa likiwa chini ya mengine matatu, hayo matatu lazima yahamishwe kwanza.
* Misukosuko mikubwa: tarehe 23 Machi 2021 meli Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama katika Mfereji wa Suez hadi tarehe 29. Mamia ya meli zilisubiri, na mfereji ulipofunguliwa nyingi zilielekea bandarini kwa wakati mmoja.

Mfano

Tuseme gati ni moja. Meli A inatarajiwa saa 12 asubuhi na inahitaji saa 18 za kazi, hivyo itamaliza saa 6 usiku. Meli B ikipangiwa saa hiyohiyo ya 6 usiku, na A ikachelewa kwa saa 5, B itasubiri saa 5 nzima. Mpangaji akiacha nafasi ya saa 4, yaani B ipangiwe saa 10 alfajiri, B itasubiri saa 1 tu. Lakini A ikifika kwa wakati, gati litakaa bure saa 4. Nafasi ya tahadhari ina gharama yake, na kutokuwa nayo kuna gharama pia. Kazi ya mpangaji ni kupima gharama hizo mbili.

Njia za kupanga

Njia ya kwanza ni kuacha nafasi ya tahadhari, hasa baada ya meli zenye historia ya kuchelewa. Ya pili ni kuandaa hali kadhaa zinazowezekana, kukadiria uwezekano wa kila moja, kisha kuchagua mpango wenye wastani mdogo wa gharama. Ya tatu ni kuchagua mpango unaostahimili hali mbaya kuliko zote. Huu ni salama zaidi, ila mara nyingi ni ghali. Ya nne ni kupanga upya kila habari mpya zinapofika. Programu za kompyuta huiga shughuli za bandari ili mpango ujaribiwe kabla ya kutumika.

Umuhimu

Bandari za Mombasa na Dar es Salaam huhudumia pia nchi zisizo na pwani, kama Uganda, Rwanda na Burundi. Meli ikisubiri nangani, malori na treni husubiri pia, mzigo hutozwa gharama za ucheleweshaji, na mara nyingi gharama hizo huishia katika bei anayolipa mnunuzi dukani, hata aliye mbali sana na bahari.