Programu za Chinichini na Mwendo wa Michezo ya Tarakilishi

Utangulizi

Katika vyumba vya wanafunzi kule Kesses na katika nyumba za kupanga mjini Eldoret, tarakilishi moja hubebeshwa kazi nyingi. Mchana huandikiwa tasnifu. Jioni hugeuka uwanja wa kandanda. Aghalabu huwa imenunuliwa ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Basi mchezo unapoanza kusitasita, mwenyewe huamua kwamba mashine imezeeka na hana budi kutafuta pesa za nyingine. Makala haya yanabainisha kuwa uamuzi huo mara nyingi hutangulia uchunguzi. Aidha, yanaonyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kulieleza tatizo hilo bila kutatizika.

Suala la istilahi

Juhudi za kuipa tarakilishi lugha ya Kiswahili si ngeni. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili. Hata hivyo, kila dhana huhitaji kupimwa upya. Programu inayoendelea kufanya kazi bila dirisha lake kuonekana, kwa mfano, ingeweza kutafsiriwa sisisi kwa neno "mandharinyuma". Neno hilo linafaa picha iliyo nyuma ya kitu, lakini halionyeshi utendaji. Kielezi "chinichini", ambacho hutumiwa katika Kiswahili cha simu za Android, kinafaa zaidi. Mzungumzaji wa kawaida hukitumia kwa jambo linalotendeka pasipo kutangazwa, na hivyo ndivyo programu hizi zinavyotenda.

Jinsi zinavyozorotesha mchezo

Programu zote zilizo wazi hugawana kichakataji, kumbukumbu ya muda na diski. Mchezo ulio laini huonyesha takriban picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16.7 tu za kutayarishwa. Iwapo wakati huohuo programu ya kukinga virusi inakagua mafaili, nayo programu nyingine inajisasisha, picha huchelewa na mchezaji huona mkwamo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tatizo la kumbukumbu ni zito zaidi. Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa kwa tarakilishi mwaka 2005, ulihitaji angalau megabaiti 256. Grand Theft Auto V, wa mwaka 2015, ulihitaji gigabaiti 4. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, nayo huhitaji gigabaiti 4 ili ikubali kuwekwa. Ni dhahiri kwamba mwenye gigabaiti 4 hana akiba ya kuachia kivinjari chenye kurasa kumi.

Kumbukumbu ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya yaliyomo kwenye diski. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa kulifikia jambo ambalo kumbukumbu ya muda hulifikia kwa sehemu ndogo mno ya milionea moja ya sekunde. Hapo ndipo mchezo unaposimama kabisa, huku taa ya diski ikimetameta.

Hatua za kuchukua

Kwanza, kazi iliyo wazi ihifadhiwe. Si busara kupoteza sura nzima ya tasnifu kwa ajili ya mchezo. Pili, katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vibonyezwe kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka huorodhesha programu pamoja na kiasi cha kichakataji na kumbukumbu ambacho kila moja inatumia. Safu ya kumbukumbu ikibonyezwa, walaji wakubwa hupanda juu. Tatu, zifungwe zile ambazo mtumiaji anazijua na hazihitaji: kivinjari, kicheza muziki, programu ya kunakili mafaili mtandaoni. Hii ya mwisho, pamoja na visasisho, humaliza pia bando la intaneti.

Nne, zizuiwe programu zinazojiwasha pamoja na tarakilishi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, orodha yake hupatikana katika dirisha lilelile.

Hata hivyo, zisiguswe programu za mfumo ambazo mtumiaji hazifahamu. Vilevile, kinga ya virusi isizimwe, hasa pale ambapo wanafunzi hupokezana diski za mkononi. Ukaguzi wake uahirishwe hadi saa ambayo hakuna anayecheza.

Mipaka ya tiba hii

Kufunga programu hakuongezi nguvu ambayo mashine haikuwa nayo. Ikiwa kadi ya michoro ni dhaifu, nafuu itapatikana kwa kupunguza ubora wa picha ndani ya mchezo. Ikiwa vumbi limeziba feni, kichakataji hujipunguzia kasi ili kisiungue, na dawa yake ni usafi. Njia ya kutambua chanzo ni kucheza sehemu ileile ya mchezo kabla na baada ya kufunga programu, kisha kulinganisha.

Hitimisho

Mwanafunzi anayefuata hatua hizi anaweza kuokoa pesa za tarakilishi mpya, au walau kujua kwa hakika kwamba anaihitaji. Kwa wanaisimu, maneno kichakataji, kumbukumbu ya muda na chinichini yameweza kubeba maelezo haya yote. Kilichobaki ni wanafunzi na wahadhiri kuyatumia mbele ya mashine yenyewe, ili istilahi zisiishie katika kamusi.