Planetariamu Si Kilinge

Swali huja kabla nauli haijajadiliwa. Marafiki wa Jorodom, wilayani Hanang, wamekaa barazani, mmoja ametaja kwamba Nairobi kuna planetariamu, jumba la kuba ambamo mtu huegemea kiti akaonyeshwa anga lote juu ya kichwa chake, na kabla hajamaliza mwenzake anadakia: "Kwa hiyo pale wanaweza kumwonyesha mtu nyota yake?" Wa tatu anaongeza kwamba yake haitaonekana, ilishaibwa, ndiyo maana tangu mwaka juzi mambo yake hayaendi.

Mara ya kwanza mtaalamu wa falaki huulizwa hivyo akacheka. Baada ya miaka ya kuulizwa yale yale shuleni, kwenye daladala na hata msibani, kicheko humwishia. Jibu ni hapana. Hakuna nyota ya mtu. Na kwa kuwa haipo, haiibwi, haifungwi kwenye chupa, haizikwi makaburini, na haisafishwi kwa chumvi ya mawe, ubani na majani ya kuogea saa nane za usiku, hata kama tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme linaahidi majibu ndani ya siku tatu.

Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Nyota zinazoonekana kwa macho matupu, anga zima la kaskazini na kusini, hazifiki 10,000. Zikigawiwa kwa haki, kila nyota ingebeba Watanzania zaidi ya 6,000, na hapo Wakenya, Wahindi na Wachina hawajapanga foleni. Mkulima wa ngano wa Basotu, mfugaji wa Kibarbaig na karani wa Katesh wangejikuta chini ya nyota moja. Siku ambayo ingefifia, mambo ya wote 6,000 yangekwama kwa mpigo. Mtetezi wa waganga atasema ziko nyingine zisizoonekana. Kweli ziko, Njia ya Maziwa peke yake ina zaidi ya bilioni 100. Basi mganga anatoza fedha kwa kusafisha kitu ambacho yeye mwenyewe hakioni.

Halafu kuna umbali, na hapa ndipo biashara yote inapoporomoka. Alpha Centauri, jirani yetu wa karibu kati ya nyota zinazoonekana kwa macho, hung'aa upande wa kusini wa anga la Hanang jioni za Mei na Juni. Mwanga wake husafiri zaidi ya miaka minne kutufikia. Dawa ya mganga, hata ingeruka kwa kasi ya mwanga, ingechukua miaka minne na ushei kufika huko, na mng'ao mpya ungechukua mingine kama hiyo kurudi. Zaidi ya miaka minane, na hiyo ni nyota ya jirani. Suheli, ambayo mabaharia wa pwani waliifuata kwa karne nyingi, iko umbali wa takriban miaka 310 ya mwanga. Mwanga wake unaoonekana usiku huu uliondoka huko Waomani wakiwa wameshawatoa Wareno Fort Jesus, tukio la 1698. Mteja aliyeambiwa Jumatatu kwamba nyota yake imeanza kung'aa tangu Ijumaa angepaswa kudai fedha zake.

Nyota iliyofifia kweli ipo, na dunia nzima iliishuhudia. Kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020, Betelgeuse, ile nyekundu begani mwa kundi la nyota la Jabari, ilipungua mwanga kiasi kwamba mtu yeyote mwenye mazoea ya kutazama juu aliona tofauti bila darubini. Wataalamu walichunguza wakakuta sababu: wingu la vumbi ambalo nyota yenyewe ililitapika lilikuwa limekaa mbele yake. Vumbi likatawanyika, mwanga ukarudi. Hakuna aliyeogeshwa.

Wapo wanaojiona wameendelea kwa sababu hawaendi kwa mganga, wanasoma buruji gazetini. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, alilifanya neno "mnajimu" lijulikane kila nyumba yenye redio, na tangu hapo wengi hudhani unajimu na falaki ni ndugu wa tumbo moja. Waliwahi kuishi nyumba moja, zamani sana, wakaachana. Aliyezaliwa tarehe 25 Agosti huambiwa yeye ni Mashuke. Atazame vizuri: siku hiyo Jua limesimama mbele ya nyota za Asadi. Mhimili wa dunia huyumba taratibu kama pia inayokaribia kuchoka, mzunguko mmoja ukichukua yapata miaka 26,000, na tangu buruji zilipopangwa miaka elfu mbili hivi iliyopita anga limesogea karibu buruji nzima. Wanajimu hawakusogea nalo. Isitoshe, kwa mipaka ya makundi ya nyota iliyotangazwa 1930, Jua hupita makundi 13, si 12. La kumi na tatu ni Mshika Nyoka, ambamo Jua hukaa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Desemba, ilhali kwenye Akrabu hukaa takriban wiki moja tu. Mtu wa tarehe 5 Desemba amesomewa bahati ya Kausi maisha yake yote, kwa makosa.

Yote haya yangekuwa mzaha kama yangeishia kwenye fedha. Tatizo ni kwamba nyota iliyoibwa lazima iwe na mwizi, na mganga hulazimika kumtaja: mama mdogo, shemeji, bibi jirani mwenye macho mekundu kwa sababu amepikia kuni miaka hamsini. Januari 2015 serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli, ilikuwa baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na baraza la kusajili waganga. Mganga wa mitishamba aliyesajiliwa asichanganywe na mtu huyu wa nyota. Wala huyu wa nyota asisingizie mila, maana mila zina njia zake za kulitazama anga. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, hucheza ngoma yao ya epeme usiku usio na mwezi. Wairaqw humwita Mungu kwa jina lile lile la Jua, Looaa. Wakulima wa pwani walikitazama Kilimia ili wajue msimu wa kulima, na walikuwa sahihi, kwa kuwa kundi lile hupanda na kutua kwa tarehe zile zile mwaka hadi mwaka. Hiyo ni kalenda. Hakuna mkulima aliyekiosha Kilimia ili mvua inyeshe.

Ajabu ni kwamba planetariamu kongwe kuliko zote zinazofanya kazi ilizaliwa na uzushi wa namna hii. Mwaka 1774 huko Uholanzi, kijitabu cha mhubiri mmoja kilitisha watu kwamba tarehe 8 Mei Mwezi na sayari kadhaa zingekaribiana, zigongane, na dunia itupwe kuelekea kwenye Jua. Tarehe ikapita, watu wakala chakula cha jioni. Eise Eisinga, mchambua sufu wa mji wa Franeker, alianza mwaka ule ule kutengeneza mfano wa sayari kwenye dari ya sebule yake, kwa magurudumu ya mbao yenye meno ya misumari na saa ya pendulamu. Alimaliza 1781. Sayari zake zinazunguka hadi leo, na mwaka 2023 nyumba hiyo iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Makuba yenye projekta, yanayofanana na lile wanalolipangia safari vijana wa Jorodom, yalianza Ujerumani 1923 kwa mashine ya Zeiss.

Na kwenye kuba la Nairobi swali lao lina jibu moja la kweli. Mwendeshaji anaweza kuweka latitudo ya Hanang, digrii nne na nusu kusini ya Ikweta, aweke na tarehe ya kuzaliwa, na anga la usiku ule litokee. Litakuwa anga lile lile kwa kila mtoto aliyezaliwa Mbulu na Hanang usiku huo, aliyetajirika na aliyefilisika.

Sasa safari, kwa haraka. Katesh hadi Nairobi kupitia Babati, Arusha na Namanga ni kama kilomita 500, kwa hiyo "kwenda na kurudi leo leo" wasahau: walale angalau usiku mmoja. Wabebe pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Nairobi Planetarium, kuba la mianzi, ni kazi ya Travelling Telescope, kikundi kilichoanzishwa na Susan Murabana na Daniel Chu Owen. Wapige simu kwanza kuulizia siku za maonyesho. Kikundi hicho pia huzunguka shuleni na kuba la kujazwa upepo, hivyo shule zikichanga pamoja inafaa kuulizia kama kuba linaweza kuja badala ya watu kwenda. Fedha zikikosekana kabisa, programu ya Stellarium ya simu ni bure na darubini ya macho mawili ya 7x50 huonyesha miezi minne ya Mshtarii. Usiku wa Mei usio na mwezi, mtu akitazama kusini ataona Msalaba wa Kusini. Akigeuka nyuma, Dubu Mkubwa huyo hapo juu ya upeo wa kaskazini. Aliyeko London hauoni Msalaba huo hata angekesha mwaka mzima. Vimondo vya Geminid ni usiku wa 13 kuamkia 14 Desemba, vizuri zaidi baada ya saa sita. Tochi ifungwe kitambaa chekundu, simu zipunguzwe mwanga, na kila mtu aje na blanketi lake zito, maana baridi ya Hanang haina mgeni.