Saa Moja kwa Shilingi 613

Jumamosi moja nilirudi nyumbani saa saba mchana, mapema kuliko kawaida yangu. Zuhura, binti yangu wa miaka mitano, alikuwa barazani anapanga vifuniko vya soda. Aliponiona aliinuka, akasema, "Shikamoo, karibu," kisha akaingia ndani na kutoka anaburuta kiti cheupe cha plastiki, kile ambacho kwetu hutolewa akija mgeni. Akakifuta vumbi kwa gauni lake.

Mama Idrisa, mke wangu, alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua uso. "Kaa basi, Baba Idrisa. Si umekaribishwa?"

Nikakaa. Jumatatu yake nikanunua daftari la kaunta.

Mimi ni karani wa hesabu kwenye ofisi ya wakala wa forodha, karibu na bandari ya Dar es Salaam. Nina miaka 48. Kazi yangu ni kuhakikisha kila shilingi iliyotoka inajulikana ilikokwenda, na naifanya vizuri. Saa zangu mwenyewe sijawahi kuzifanyia hivyo hata siku moja. Kwa hiyo kwa siku 20 za kazi niliandika: saa ngapi nimefunga geti, saa ngapi nimefika ofisini, saa ngapi nimetoka, saa ngapi nimefungua geti tena. Tunaishi Chanika, pembezoni mwa jiji.

Jumla ilikuja saa 97 barabarani, yaani saa 4 na dakika 51 kwa siku. Asubuhi nachukua wastani wa saa 2 na dakika 5, jioni saa 2 na dakika 46. Natoka saa kumi na moja kasoro dakika tano alfajiri, narudi saa mbili usiku ikikaribia. Toa wikiendi, toa siku 28 za likizo ya mwaka ambazo sheria ya ajira inanipa, toa sikukuu, zinabaki siku 225 hivi za kwenda kazini. Ukizizidisha unapata saa 1,091 kwa mwaka. Gawanya kwa 24: siku 45 na nusu, mchana na usiku, nimeketi au nimening'inia kwenye daladala.

Na hapo "nimeketi" si neno la kupita hivi hivi. Pale Gongo la Mboto ninapobadilisha gari, jioni, gari la Chanika likiingia watu hawasubiri mlango. Mkoba unarushwa dirishani kwanza, mwenyewe anafuata. Ukitaka kiti bila vita unageuza: unapanda gari likiwa bado linaelekea mjini, unalipa nauli ya kwenda usikokwenda, unazunguka nalo, unarudi umekaa. Katika zile siku 20 niligeuza mara 8. Shilingi 600 kila mara, jumla 4,800, kwa ajili ya kukaa tu. Sijaziingiza kwenye hesabu inayofuata kwa sababu Mama Idrisa anaziita anasa.

Zuhura analala saa mbili na dakika ishirini usiku, na alfajiri namwacha usingizini. Siku ya kazi, basi, muda ambao mimi na yeye tuko macho chini ya paa moja ni nusu saa. Kwa mwaka ni saa 112 na nusu. Kwa kila saa moja ninayokuwa naye siku za kazi, saa 9 na dakika 42 niko barabarani. Nilipoiona namba hiyo nilirudia kugawanya mara mbili, nikidhani nimekosea nukta. Kile kiti cha plastiki kilikuwa na hesabu yake.

Tulifikaje Chanika? Kama walivyofika wengi. Mwaka tuliotafuta kiwanja dalali alituonyesha cha Tabata, milioni 15, na cha Chanika, miguu 20 kwa 25, milioni 3 na nusu. Alitusimamisha chini ya mwembe akasema barabara inakuja, umeme unakuja, mji wote unakuja huku. Hakudanganya, mji ulikuja kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la watu 1,019,187 katika miaka kumi, watu 279 kila siku ya Mungu, na wote wanahitaji mahali pa kulala. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, pale palikuwa shamba. Leo ukipita Pugu jioni huoni shamba, unaona taa za nyuma za magari.

Kilichobaki mjini ni kazi. Bandari haikuhamia Chanika, wala Kariakoo, wala ofisi za Posta. Watu wanalala pembezoni na kuamkia katikati, kwa barabara kuu nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa.

Sasa turudi kwenye viwanja viwili. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi 11,500,000. Hiyo ndiyo tuliyoamini tumeokoa, na kwa miaka 11 nimeisema kwa fahari kwenye vikao vya harusi. Hebu tuikague.

Nauli yangu ya leo ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, jumla 2,600. Usiku kutoka kituoni hadi nyumbani ni bodaboda, 1,500, maana njia ile ni ya giza. Jumla 4,100 kwa siku. Ningekaa Tabata ningelipa 600 kwenda na 600 kurudi, na nyumbani ningetembea. Tofauti ni 2,900 kwa siku, 652,500 kwa mwaka, 7,177,500 kwa miaka 11. Nimetumia nauli za leo kwa miaka yote; zamani zilikuwa chini, lakini hata shilingi ya zamani ilikuwa nzito kuliko ya sasa, kwa hiyo sitagombana na atakayenikosoa. Toa hizo kwenye milioni 11 na nusu. Akiba iliyobaki ni 4,322,500.

Upande wa saa: kutoka Tabata ningetumia kama saa moja kwenda na moja kurudi. Ziada ninayoilipa kwa kuishi Chanika ni saa 2 na dakika 51 kwa siku, saa 641 kwa mwaka, saa 7,054 kwa miaka 11.

Gawanya akiba kwa saa. Unapata shilingi 613.

Hiyo ndiyo bei niliyouzia kila saa ya jioni zangu. Inatosha nauli ya daladala moja ya safari fupi, na chenji ya shilingi 13 ambayo hakuna konda atakayekurudishia.

Ili kujua kama 613 ni bei mbaya inabidi kuwe na bei nyingine ya kulinganisha, nayo ninayo kwenye karatasi ya mshahara. Mshahara wangu ni 1,200,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 120,000. Kwenye 1,080,000 inayobaki inakatwa PAYE: shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, zinazofuata hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni moja ni asilimia 25, na zile 80,000 za juu asilimia 30. Jumla ya kodi 152,000. Mkononi nabaki na 928,000. Saa zangu za kazi ni 9 kila siku, pamoja na ile ya chakula cha mchana. Kwa mwezi ni saa 195. Kwa hiyo mwajiri ananunua saa yangu kwa shilingi 4,759. Mimi mwenyewe niliiuza kwa 613.

Jirani yangu mmoja, fundi seremala, nilimsomea hesabu hii akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Hiyo milioni 15 mlikuwa nayo?" Hatukuwa nayo. Tulikuwa na milioni 4, na kati ya hizo moja ilitoka kwenye kikoba cha Mama Idrisa. Alichosema fundi ndicho kinachokosekana kwenye hesabu yangu yote: sikuchagua kati ya bei mbili, nilikuwa na mlango mmoja. Lakini hilo halibadili kwamba kiwanja cha bei nafuu ni kiwanja cha mkopo, na marejesho yake hulipwa kwa saa, kila siku, na hayana mwezi wa mwisho.

Kwa mtu mmoja ni huzuni ndogo. Kwa jiji ni hasara kubwa. Chukua watu 100,000 tu wa aina yangu. Namba hiyo nimeichagua mimi kwa urahisi wa kuzidisha. Wanatumia saa milioni 109 kwa mwaka barabarani. Mtu anayefanya kazi saa 45 kwa wiki bila likizo hutumia saa 2,340 kwa mwaka. Gawanya: ni kazi ya mwaka mzima ya watu zaidi ya 46,000, imeishia kwenye foleni.

Tiba kubwa zipo na si mimi wa kuzieleza. Mabasi ya mwendokasi yalianza Barabara ya Morogoro Mei 2016, na awamu ya tatu ikapangiwa Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto. Naishukuru, ila kutoka Gongo la Mboto hadi kwangu kuna zaidi ya kilomita 10 nyingine. Treni ya SGR, tangu Juni 2024, inamfikisha mtu Morogoro kwa saa mbili hivi, nauli ya kawaida 13,000. Maana yake mwenzangu akitoka ofisini pamoja nami na kukuta treni inaondoka, atakuwa anakula chipsi Morogoro mimi sijafungua geti.

Kuna saa nyingine kwenye daftari ambazo mwanzoni sikuziona. Nafika ofisini saa moja. Kazi inaanza saa mbili. Siwezi kutoka nyumbani nikiwa nimechelewa hata dakika 30, kwa sababu foleni ya Nyerere itanifikisha saa tatu kasoro robo. Kwa hiyo kila siku nakaa saa nzima na mlinzi tukisikiliza redio. Siku 225, saa 225. Hakuna anayezilipa, hakuna aliyezihesabu, na zimekuwepo kwa miaka 11.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha nakala ya daftari: naomba kuanza kazi saa moja asubuhi na kutoka saa kumi jioni. Saa ni zile zile 9. Meneja wetu ni kijana, ana miaka 34. Aliisoma amesimama.

"Mzee wangu," akasema, "kumbe wewe unafikaga saa moja?"

Alinipa majaribio ya miezi mitatu. Kutoka saa kumi kunanitanguliza mbele ya foleni. Safari ya jioni imeshuka kutoka saa 2 na dakika 46 hadi saa 2 na dakika 5. Ni dakika 41 kwa siku, saa 154 kwa mwaka. Nafika nyumbani saa kumi na mbili na dakika kumi, bado kuna mwanga, bodaboda siihitaji, na ile 1,500 inabaki mfukoni. Zuhura akiwa macho hadi saa mbili na dakika ishirini, nina saa 2 na dakika 10 naye badala ya nusu saa. Gharama kwa ofisi ni shilingi sifuri.

Sijui kama saa hizo nazitumia vizuri. Wiki ya kwanza nilisinzia barazani siku tatu kati ya tano. Idrisa, mwenye miaka 16, alikuja kukaa karibu nami jioni moja na daftari la fizikia, akaniuliza swali, nikalikosea, akaondoka nalo taratibu bila kusema kitu. Alikuwa na miaka mitano tulipohamia Chanika, sawa na Zuhura leo. Yeye hakuwahi kuniletea kiti, au aliniletea na sikuona.

Majaribio yanaisha mwisho wa mwezi huu, na barua ya pili iko tayari kwenye droo. Nawe msomaji, kama una mfanyakazi ambaye kila siku unamkuta ofisini saa moja na kazi inaanza saa mbili, usimsifu kwa kuwahi. Muulize anakaa wapi.