Viatu vya Mbio Katika Begi la Msafiri: Mwenye Kisukari Anapokwenda Ng'ambo

Mgonjwa wa kisukari aliyejizoesha kukimbia amepata dawa isiyouzwa katika duka lolote, na ameipata kwa taabu. Ilimlazimu kushinda usingizi wa alfajiri, maumivu ya magoti ya wiki za mwanzo, na macho ya majirani waliojiuliza mtu mzima anakimbizwa na nini. Achukuliwe, kwa mfano, mwalimu mwenye umri wa miaka 52, mkazi wa Dar es Salaam, mwenye kisukari cha aina ya pili, anayetumia metformini na insulini ya usiku. Kwa miaka miwili amekuwa akikimbia taratibu dakika 40, siku nne kwa wiki, na sukari yake imetulia. Mwezi Mei anatakiwa kumsindikiza mama yake Chennai, kusini mwa India, kwa matibabu ya moyo yatakayochukua wiki tatu. Anafunga mizigo, na viatu vya mbio anaviacha chini ya kitanda. Sababu yake ni ya heshima: haendi kustarehe, anakwenda kuuguza.

Wasafiri wa namna hii ni wengi. Wapo wanaouguza India, wanaofuata bidhaa Guangzhou, wanaokwenda masomoni Ulaya, na wanaotembelea ndugu zao Muscat. Baadhi yao huacha mazoezi kabisa mpaka warudi. Wengine hufanya kinyume chake: huamka siku ya kwanza ugenini na kukimbia umbali uleule, kwa kasi ileile, kana kwamba mwili haukutoka nyumbani. Makosa yote mawili huwafikisha wagonjwa katika vyumba vya dharura, la kwanza polepole na la pili kwa ghafla.

Kinachopotea upesi si pumzi, bali ni urahisi ambao misuli huchukua sukari kutoka katika damu. Mtu anapokimbia, misuli inayofanya kazi hujifungulia njia ya kupokea sukari hata pale mwili unapokuwa umeacha kuiitikia insulini ipasavyo. Mbio zikiisha, misuli hiyo huendelea kuiitikia insulini vizuri zaidi kwa muda wa saa 24 hadi 72, kisha faida hiyo hufifia. Ndiyo maana Chama cha Kisukari cha Marekani hushauri mgonjwa asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kwa hesabu hiyo, mwalimu aliyekimbia mara ya mwisho siku moja kabla ya safari, akashinda siku nzima katika ndege na viwanja vya ndege, kisha akakaa siku mbili kwenye viti vya hospitali, tayari ameimaliza akiba yake. Wali wa kila mlo, usingizi wa vipande vipande na hofu juu ya mama vinaikuta sukari ikiwa haina pa kwenda.

Pumzi nayo hupungua, ila kwa mwendo wa polepole zaidi. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake walichapisha vipimo vya watu saba waliozoea mazoezi ya ustahimilivu na kisha wakayaacha kabisa. Uwezo wa juu wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika wiki tatu za kwanza, na upungufu ukafikia asilimia 16 baada ya siku 56. Habari njema zilikuwa zimekwisha kutolewa na watafiti wengine wa Chicago. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, Robert Hickson na wenzake waliwafunza vijana wenye afya kwa wiki kumi, siku sita kwa wiki, dakika 40 kila siku, kwa baiskeli na mbio. Kisha wakawapunguzia mazoezi kwa wiki 15. Waliobakiziwa siku mbili tu kwa wiki, na katika jaribio jingine waliobakiziwa dakika 13 tu kwa siku, hawakupoteza uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni. Walioupoteza ni wale waliopunguziwa ukali wa mazoezi.

Vijana hao hawakuwa na kisukari, kwa hiyo matokeo yao hayawezi kuhamishiwa kwa mgonjwa wa miaka 52 bila tahadhari. Hata hivyo yanamwondolea msafiri mzigo mkubwa, kwa kuwa kujenga uwezo kunadai kazi nyingi, na kuuhifadhi kunadai kazi ndogo. Mwalimu hahitaji dakika 40 akiwa Chennai. Dakika 15 za mbio kila baada ya siku moja, na matembezi ya dakika kumi baada ya milo katika siku zilizobaki, yanatosha kwa wiki tatu. Anayesema hana nafasi ya dakika 15 huenda anasema kweli siku ya upasuaji, lakini ni vigumu kuwa kweli kwa siku zote 21.

Ukali unaotakiwa kuhifadhiwa ni ule unaohisiwa na mwili, wala si kasi inayosomwa kwenye saa. Tofauti hii ni muhimu sana mahali penye joto. Mchana wa Chennai mwezi Mei hukaribia nyuzi 40, nako Muscat mwezi Julai joto na unyevu wa bahari huungana. Katika hali hiyo moyo hulazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kuupoza mwili, na huku misuli inadai sehemu yake, hivyo mapigo hupanda hata kama kasi haijabadilika. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto jipya. Mkazi wa Dar es Salaam ana nafuu kuliko mtu anayetoka nyanda za juu za Njombe, lakini nafuu hiyo haiondoi haja ya kuanza upya kwa upole. Kipimo rahisi ni maneno: anayekimbia akiwa na uwezo wa kusema sentensi fupi bila kuhema yumo ndani ya mpaka wake. Wanaotumia atenololi na dawa za jamii yake wasitegemee kuhesabu mapigo, kwa sababu dawa hizo huyazuia yasipande. Wanaotumia dawa za kuongeza mkojo hupoteza maji na chumvi kwa njia mbili, kwa hiyo wazungumze na daktari kabla ya safari. Mkimbiaji anayeanza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka kwenye joto apozwe kwa maji mengi palepale, huku msaada ukiitwa.

Kabla ya joto, iko ndege. Uchunguzi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kuwa safari ya kukaa zaidi ya saa nne huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda katika mishipa, ingawa hatari yenyewe hubaki ndogo, takriban msafiri mmoja kati ya 6,000. Kwa mkimbiaji kuna mtego wa ziada. Bonge la damu katika mguu huleta maumivu ya kigimbi na uvimbe, na mtu aliyezoea mbio huyachukulia maumivu hayo kuwa msuli uliovutika. Hupaka dawa ya kuchua, hufunga bandeji, kisha hutoka kukimbia. Mhudumu wa afya anayemwona mkimbiaji mwenye kigimbi kimoja kilichovimba ndani ya wiki chache baada ya safari ndefu anapaswa kuuliza habari za ndege kabla ya kuuliza habari za mbio. Kukosa pumzi ghafla au maumivu ya kifua katika kipindi hicho ni dharura.

Insulini inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa makosa yake huua. Isiwekwe katika mzigo unaopelekwa chini ya ndege, ambako inaweza kuganda. Insulini iliyoganda hata mara moja hutupwa. Ibebwe mkononi pamoja na barua ya daktari inayotaja majina halisi ya dawa. Tofauti ya saa kati ya Tanzania na India ni saa mbili na nusu, na kwa kawaida haidai mabadiliko makubwa ya dozi. Anayekwenda Marekani, ambako tofauti ni saa saba au zaidi, apangiwe ratiba na daktari wake mapema.

Jambo lisilojulikana na wengi ni nguvu ya insulini yenyewe. Chupa zinazotumika Tanzania zina uniti 100 katika kila mililita. India bado huuzwa chupa zenye uniti 40 kwa mililita, pamoja na mabomba ya sindano yaliyochorwa kwa ajili yake. Mgonjwa akivuta insulini yake ya nyumbani kwa bomba la uniti 40 mpaka alama ya 10, atakuwa amejidunga uniti 25. Akivuta ya uniti 40 kwa bomba la nyumbani mpaka alama hiyohiyo, amepata uniti 4 tu. Kosa la kwanza, likitokea usiku wa kuamkia mbio, laweza kumwangusha barabarani mahali ambapo hakuna amjuaye. Abebe insulini na mabomba ya kutosha safari nzima, na akilazimika kununua, vyote viwili viwe vya nguvu moja.

Kipima sukari nacho kina lugha mbili. Tanzania wengi wamezoea milimoli kwa lita. Vipima vinavyouzwa India huonyesha miligramu kwa desilita. Tarakimu za nyumbani zikizidishwa kwa 18 hupatikana zile za huko, kwa hiyo 5.0 ya Dar es Salaam ni 90 ya Chennai. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi apime kabla ya kutoka, na akikuta chini ya kiwango hicho ale kitu kwanza. Akikuta zaidi ya 13.9, yaani 250, na mwili haujisikii vizuri au ketoni zimeonekana katika mkojo, siku hiyo asikimbie. Mfukoni awe na sukari ya vijiko vitatu au vinne vya chai, au glukosi ya kiasi hicho. Anapotetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, aitumie mara moja, apumzike, apime tena baada ya dakika 15. Sukari inaweza pia kushuka saa nyingi baada ya mazoezi, wakati mtu amelala. Kwa sababu hiyo mbio za alfajiri ni salama zaidi kuliko za usiku kwa anayejidunga kabla ya kulala. Wanaotumia metformini peke yake ni nadra kupatwa na tatizo hili.

Njia ya kukimbilia ichaguliwe kwa macho ya mchana kabla ya kukanyagwa alfajiri. India magari hupita kushoto kama Tanzania, lakini Oman, China na sehemu kubwa ya Ulaya hupita kulia, na mgeni hutazama upande usio sahihi kabla ya kuvuka. Mbwa wa mitaani ni hatari halisi India, na mtu anayekimbia huamsha hamu yao ya kufukuza. Mbele yao ni heri kusimama au kutembea. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kupata chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mahali ambapo mitaa haifai, au hewa imejaa moshi kama ilivyo Delhi mwezi Novemba, ngazi za nyumba ya wageni hutosha. Kadi yenye jina la mgonjwa, ugonjwa wake, dawa zake na simu ya aliyefuatana naye ikae mfukoni pamoja na ile sukari.

Ziko siku za kutokimbia: siku za kuhara, za homa, na za kidonda mguuni, hata kama hakiumi. Kwa mwenye ganzi ya kisukari kutouma ndiko kunakotisha, na viatu vipya vilivyonunuliwa safarini ndivyo huanzisha vidonda hivyo. Anayehara huku akitumia metformini amweleze daktari, kwa kuwa dawa hiyo huenda ikahitaji kusimamishwa mpaka maji ya mwili yarudi.

Mwalimu akirejea, wiki ya kwanza akimbie nusu ya umbali wake wa zamani, kisha aende kliniki na daftari la vipimo. Humo kutakuwa na tarakimu za juu, hasa za siku alizokesha hospitalini. Muuguzi au daktari anayezisoma amwulize kila tarehe ilikuwa siku ya nini, alikula nini na alikimbia lini. Zile za siku ya upasuaji wa mama zisimpandishie dozi ya insulini mtu ambaye wiki mbili zijazo atakuwa amerudi kwenye dakika zake 40.