Muuza Kahawa wa Udongoni

Msomaji wa Makunduchi ameniuliza: "Udongo ni uchafu. Vipi uchafu utoe kitu cha kuua vijidudu?" Sehemu ya jibu anayo puani mwake. Harufu inayopanda shambani masika yanapoanza hutolewa na bakteria wa udongoni, hasa Streptomyces. Kwao ndiko ilikopatikana streptomaisini mwaka 1943, dawa ya kwanza ya vijidudu kutibu kifua kikuu.

Leo nausifu ufundi wao mwingine: kutengeneza vipande vya fedha vyenye upana wa nanomita 1 hadi 100. Mita moja ina nanomita bilioni moja.

Tuviiteje? Nimesikia "chenga za fedha", nami nalikataa jina hilo. Chenga za mchele hutokana na kuvunjika. Hivi havikuvunjwa, vimekua atomu juu ya atomu. Kinachokua ni punje. Basi tuseme punjenano.

Zinakuaje? Fikiria Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, jioni. Watu wamesimama, hawatulii. Anakuja muuza kahawa na dele lake. Anayepata kikombe anakaa. Wa pili anakaa ubavuni pake. Wa tatu vivyo hivyo, mpaka baraza linajaa. Waliosimama ni ioni za fedha, atomu zilizopungukiwa elektroni moja moja, zinazong'ang'ania chochote na kuwa sumu kwa bakteria. Kikombe ni elektroni. Muuza kahawa ni kimeng'enya, na kinachotajwa sana ni kile ambacho wateja wake wa kila siku ni nitrati. Wageni wa fedha wakifika, anawamiminia na wao. Fedha iliyopata elektroni hutulia, ikagandana na wenzake. Protini za bakteria hulizunguka kundi kama kingo za baraza: likijaa, hapaongezwi mtu, na punje hubaki ndogo. Nayo maji ya chupa waliyomooteshwa bakteria hugeuka kahawia, rangi iliyopewa jina na kahawa yenyewe!

Ufundi huu si wa Streptomyces peke yao. Mwaka 1999 mtafiti Tanja Klaus na wenzake walieleza habari za Pseudomonas stutzeri AG259, bakteria aliyetoka katika mgodi wa fedha, aliyejiwekea mwilini fuwele za fedha za hadi nanomita 200.

Punjenano ikimgusa kijidudu cha maradhi, huachia ioni kidogo kidogo. Hizo huharibu utando wake na kunasa salfa ya protini zake. Anapigwa pande nyingi kwa pamoja, hivyo kuizoea ni kazi ngumu. Majaribio mengi yangali ya maabara, na udongo mbichi usitiwe kidondani kamwe: unaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda.

Unguja tuna kinongo cha mashambani, uwanda wa mawe wa kusini na matope ya mikoko. Vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) pale Tunguu, chukueni kijiko kimoja cha kila udongo, mwoteshe bakteria wake, mwape ioni za fedha, kisha mtazame chupa ipi inageuka kahawia.